Kapteni Hataki Kupanda Lori

Endamarariek, 9 Agosti 1976

Mpendwa Mama Hyasinta, naomba msaada, na naomba barua yangu uisome kabla ya hizo za mapenzi unazojibu gazetini, maana wenzangu wana muda na mimi nina wiki tatu tu.

Naitwa Wilibrodi, nina miaka kumi na tisa, shule niliishia darasa la nne lakini najisomea mwenyewe, hata gazeti lililofungiwa sukari nalisoma lote, na sasa nimepata kazi ya kuuza duka la kijiji kule Nainokanoka, natakiwa kuripoti tarehe mosi Septemba, nimefurahi mpaka usingizi umekata, lakini kuna mbwa. Anaitwa Kapteni. Alikuwa wa marehemu mama, na mama alipokuwa anaumwa aliniambia nisimwache, nikasema sawa mama, basi imeshakuwa ahadi. Tena nikimwacha hapa hamalizi siku mbili, kwa sababu Kapteni anakula mayai, na mjomba Yohani amesema wazi, "Wewe nenda tu, Wili. Ukishapita Karatu, mimi na huyo Kapteni wako tutaongea." Sumu ameshanunua, nimeiona juu ya kenchi za paa.

Utasema niende naye kwa miguu. Mama, kule msituni juu ya kreta chui anamtaka mbwa kuliko mbuzi, kila mtu anajua. Njia ni lori tu, lori la Sylvesta, linalala hapa kwetu kwenye ghala la kijiji na kila Alhamisi linapeleka unga Nainokanoka, na Kapteni lori hataki, hataki, hataki!

Na si kwamba ni mwoga, fisi anamkimbiza, na siku za mnada mimi na yeye ndio tunapakia ng'ombe kwenye lori hilo hilo, Sylvesta analirudisha nyuma mpaka kwenye tuta la kupakilia, mimi napiga mluzi, mfupi, mfupi, mrefu, Kapteni anang'ata visigino, ng'ombe wanapanda mbio, watu wanashangaa. Lakini apande yeye? Alhamisi iliyopita nilimshindilia makande sahani mbili ili aone raha, nikamleta pale kwenye tuta, nikapiga mluzi wetu, akaanza kulizunguka lori anabweka anatafuta ng'ombe, nikamsukuma kwa fimbo, utingo akavuta kamba, akaingia, akatetemeka kama ana malaria, mate yanamtoka, injini ilivyonguruma akatapika makande yote juu ya magunia ya watu, akaruka na kamba shingoni mbio mpaka nyumbani. Watu walicheka! Mzee Tobiko, Mmaasai wa huko Nainokanoka, akasema, "Kijana, nimeuza ng'ombe wengi wakapakiwa humu, sijaona aliyelia hivi." Sylvesta hakucheka. Alisema, "Nakupa safari moja tu, ya tarehe ishirini na sita. Mbwa akitapika tena, mtashuka wote wawili, chui achague."

Sasa hata akisikia lori liko mbali anaingia chini ya ghala la mahindi. Nimtie kwenye gunia? Kuna dawa ya kumlaza? Nisaidie mama, hata kula nimeacha.

Wako Wilibrodi

JIBU

Wilibrodi, anza kwa kula. Jibu hili nimelituma pia kwa posta, maana ukisubiri gazeti tarehe zako zitapita.

Barua yako imenichekesha, halafu ikaniudhi. Mimi ni mtoto wa dereva wa lori, nimekulia juu ya magunia, na nakwambia mbwa wako hana ugonjwa wowote. Ana akili kukuzidi. Hebu fikiri: ni ng'ombe wangapi amewaona wakisukumwa kwenye tuta lile, kwa mluzi ule, kwa fimbo ile, wakaingia, lori likaondoka? Je, amewahi kumwona hata mmoja akishuka? Halafu siku moja mtu anayempenda anampigia yeye mluzi ule ule. Wewe ungepanda? Umemfanya ng'ombe, kijana! Tena ng'ombe uliyemjaza makande, kwa barabara ya kona zile ambayo hata padre anatapika.

Sasa sikiliza. Gunia, dawa, fimbo na kamba ya utingo, sahau. Mluzi ule uache mnadani, na mnadani kwenyewe Kapteni asiende tena. Nenda kwa Sylvesta kwa heshima, mwombe radhi, umwoshee bodi lote mpaka harufu ya mavi ya ng'ombe iishe, sugua kwa majivu. Lori likiwa limezimwa, mbali na lile tuta, panda wewe peke yako na ugali wako, kaa, mpe Kapteni mgongo, ule. Usimwite. Atakuja akitaka. Akiweka miguu ya mbele tu inatosha, mpe tonge, shukeni mwende nyumbani. Kesho hivyo hivyo. Akizoea, Sylvesta awashe injini bila kuondoka. Akizoea hilo, mwende mpaka mtoni, mshuke, mrudi kwa miguu mkicheza. Kila siku mshuke! Hilo ndilo hajawahi kuliona, kwamba anayepanda anashuka.

Siku ya safari asile tangu jana yake jioni. Mtandikie kanga ya mama yako karibu na kichwa cha lori, ambako hakurushi sana, na turubai liachwe wazi apate upepo.

Na mpaka siku hiyo mfunge asubuhi kuku wanapotaga, maana mjomba naye ana haki ya mayai yake. Lakini sumu juu ya kenchi, kwenye nyumba ya watu? Mwambie mjomba nimesema aifukie leo.

Kabla gazeti halijaenda mitamboni, imefika kadi hii:

"Mama Hyasinta, tumefika! Mwanzo alitetemeka, nikamwekea mkono, kupita Karatu akatulia, kuanzia geti la hifadhi akalala. Juu kwenye ukungu aliinua kichwa, akanusa upande wa kreta, akalala tena. Hakutapika. Aliyetapika ni mimi, kwa ile furaha nilikula makande asubuhi. Nikamwangalia Sylvesta kwa hofu, akasema, 'Nilisema mbwa. Wewe sikukutaja.' Mzee Tobiko alicheka mpaka akakaa chini. Kapteni aliruka chini wa kwanza, lakini hakwenda popote. Alisimama nyuma ya lori ananitazama, mpaka na mimi nikashuka."