Nani Abebe Jeneza la Tavion

Dada Odessa, nisaidie, nimechoka hata kulia. Mwanangu wa pekee, Tavion, alifariki wiki iliyopita, moyo tu ulisimama akiwa kazini, tunamzika Jumamosi ijayo, na badala ya kuomboleza nimekaa kuamua ugomvi wa watu wazima. Tavion alikuwa na rafiki Mzungu, Wyatt, wamekua pamoja tangu chekechea, kwao kulikuwa na ulevi kwa hiyo yule mtoto amekula kwangu kuliko kwao, ananiita Mama, na mimi mwenyewe nilimchagua awe mmoja wa vijana wa kubeba jeneza, glavu nyeupe ameshanunua. Sasa juzi watu wamejaa msibani, vijana wako uani wanacheza karata na kutaniana kama kawaida yetu, Wyatt amekaa kiti cha Tavion, akashinda, akapiga karata mezani akamfokea mpwa wangu Marquise, "Umekwisha leo!" akamalizia na lile neno ambalo Wazungu walitutukania sisi Weusi tangu utumwa, lile ambalo redio yako hailitamki, kwa kicheko, vile vile vijana wetu wanavyoitana. Mama yangu, Bibi Earlene, alikuwa amesimama mlangoni.

Dada, mama alichuma pamba akiitwa jina hilo asubuhi hadi jioni. Akasema, "Huyu akishika jeneza la mjukuu wangu, mimi kanisani siingii." Na mama akisema amesema.

Marquise akamtetea: "Bibi, huyu ni wetu, Tavion mwenyewe alimruhusu. Halafu hilo neno tumeshaligeuza, siku hizi ni kama kusema ndugu."

"Mmeligeuza upande gani?" mama akamwuliza. "Mbona mimi naona uso uleule?"

Dada yangu Rochelle naye hakukubali kupitwa: "Ni wetu mpaka polisi watusimamishe barabarani. Hapo ndipo utajua ni wa nani."

Wyatt akaondoka analia, na tangu hapo ananitumia ujumbe kwamba Tavion alimruhusu, na najua ni kweli, nikimtoa naona kama nazika watoto wawili, nisipomtoa mama yangu atabaki nyumbani siku ninayomzika mwanangu. Nifanye nini?

Mama Tavion, Pine Bluff

*

Pole, mdogo wangu. Pole sana. Mfiwa anatakiwa akae apikiwe, siyo afanywe hakimu, na hao wakubwa wote waliojaa nyumbani kwako wangekuwa na haya wangekutua mzigo huu.

Lakini na wewe nikugombeze kidogo. Mama yako anaingia kanisani. Hilo halina mjadala, mbona unaniandikia kana kwamba yeye na Wyatt wana haki sawa?

Mimi neno hili limenichosha. Silipendi hata midomoni mwa wajukuu zangu, nimewakemea mpaka sauti imekauka. Ila wao likiwatoka, limetoka kwenye kidonda chao, na kesho wataitwa hivyo na mtu asiyecheka. Wyatt hataitwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, hata kama umekula kwenye nyumba hiyo miaka yote. Na Marquise aache uwakili. Akitaka kugawa ruhusa, agawe ya shati lake, siyo ya mgongo wa bibi yake. Ruhusa ya Tavion ilikuwa ya wao wawili, wakiwa peke yao, na Tavion ameondoka nayo.

Sasa fanya hivi. Mwite Wyatt leo, jikoni kwako, wewe mwenyewe, usimtume Rochelle. Mwambie aende kwa mama yako, avue kofia, aseme, "Bibi, nimekukosea," kisha afunge mdomo. Asimtaje Tavion. Asilie, mama yako asije akageuka kuwa mbembelezaji. Mama akikubali, abebe. Akikataa, abebe mwingine, na Wyatt akae benchi la familia, ubavuni kwako. Usimwombe mama yako alegeze. Amelegeza maisha yake yote.

Najua Wyatt atakuuliza, "Kumbe mimi si mtoto wa hapa?" Usibabaike. Mwambie, "Mgeni angetukosea hivi, tungempakulia chakula, tukamshukuru kwa kuja, tukafunga mlango na habari yake ikaishia hapo. Wewe nimekuita jikoni kwangu."