Antene ya Mulimani na Kiti cha Baba Furaha

Bunia, mutaa wa Mbunya, Jumatatu

Mama Furaha, muke wangu mupenzi,

Amani ya Bwana ikae ndani ya nyumba yetu. Unaamkaje? Ule mugongo uliokusumbua wakati wa maharagwe umepoa, ao ungali unalala kwa ubavu mumoja? Na mama yangu, anakula vizuri? Miye niko muzima kwa neema ya Mungu, isipokuwa magoti. Magoti yamechoka na ngazi. Mutu wa miaka yangu angepanda kitanda tu, lakini miye ningali napanda milingoti.

Ninaandika juu nimeshindwa kusema kwa simu. Kwa simu nilikudanganya. Ninalisema hilo kwanza, usije ukafikiri barua hii ni ya salamu. Ijumaa ile nilipokuambia barabara ya Mahagi imefungwa, barabara ilikuwa wazi. Magari yalipita. Labda umeshajua, maana jirani yetu mwenye lori aliondoka hapa siku ileile, na najua anapitia kwako kunywa chai. Njo yeye tena amekubebea barua hii.

Sikiliza basi namna mambo yalienda.

Unajua kazi yangu. Antene moja iko juu ya paa la ofisi hapa, ingine iko juu ya mulingoti kule mulimani, pembeni ya sentre ya afya. Zinatazamana, na katikati yao hakuna waya, ni hewa tu. Kwa njia ile anfirmiere, muuguzi wa mulimani, anaongea na munganga wa hospitali, anamuonyesha mugonjwa. Simu ya kawaida kule haishiki vizuri. Kila asubuhi, nikishamaliza rozari, ninafungua ordinatere, kompyuta yetu, na kuandika ndani ya kaye, daftari la kazi, namna antene zinavyosikilizana. Namba tunasoma kwa Kifaransa. Swasante, sitini, ni muzuri. Katre-ven, themanini, ni mubaya, zinakuwa kama wazee wawili viziwi. Ninaandika tena batri ya mulimani iko na nguvu gani, juu ile antene inakula jua tu.

Ijumaa begi yangu ilikuwa tayari, nije kupokea wageni wa mahari ya binti yetu Jumamosi. Kitenge chako kilikuwa ndani, na viatu vya Furaha. Lakini kulikuwa na programu mupya ya kuingiza ndani ya antene ya mulimani, na shefu wetu, Papa Anselme, alikuwa amesema tungoje. Sheria yetu ni hii: programu mupya inaingizwa asubuhi, jua likiwaka na batri imejaa, juu nguvu ikikatika katikati ya kazi, antene inakufa. Haizimiki tu, inakufa. Na mawingu yalikuwa yamefunga tangu Alhamisi. Niliona namba ya batri, iko chini. Niliiandika kwa mukono wangu mwenyewe. Lakini nikasema moyoni, nikimaliza hii leo, hakuna mutu atanisumbua kesho nikiwa nimekaa kwenye kiti changu mbele ya wageni. Nikafanya alama ya musalaba, nikabonyeza. Mama Furaha, nilimuomba Mungu abariki haraka yangu.

Ule mustari unaoonyesha kazi inaendelea ulifika nusu, ukasimama. Nikangoja. Nikangoja tena. Mulimani kimya.

Papa Anselme akaja akasimama nyuma yangu.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, Papa."

"Batri ilikuwa na ngapi?"

Nikamuonyesha kaye. Akasoma, akavua miwani.

"Uliandika mwenyewe, halafu ukafanya?"

Hakupandisha sauti. Afazali angenitukana. Njo pale nilitoka inje nikakupigia. Nilisema barabara imefungwa, juu niliona haya. Na weye ukajibu, "Usitembee basi, afazali tukukose siku moja." Yale maneno yako yananichoma mpaka leo.

Na haikuishia hapo. Jioni ileile mama mumoja mwenye mimba alifika kwa sentre anatoka damu, na anfirmiere hakuwa na njia ya kumuonyesha munganga. Wakamupakia juu ya pikipiki, katikati ya dereva na mama mukwe wake, wakateremuka naye mpaka Bunia. Mungu ni mukubwa, yuko muzima, na mutoto vilevile. Jana kisha misa nilienda kuwaona hospitali. Sikumwambia miye ni nani. Nilimupa sabuni, nikatoka.

Sasa unaelewa kwa nini sikuweza kuondoka. Jumamosi, saa ambayo wageni walikuwa wanafika kwetu, miye nilikuwa juu ya mulingoti, mukanda kiunoni, ninafunga antene ingine. Kuigeuza itazame ya Bunia ni kazi ya kidole, unasukuma kidogo, unauliza namba. Papa Anselme alikuwa anazisoma ofisini, na mulimani simu inashika tu juu ya jiwe moja, mbali kidogo na mulingoti. Anfirmiere, Mama Dorcas, mwanamuke munene mwenye sauti ya kwaya, akasimama juu ya lile jiwe na simu sikioni, ananitupia namba kwa kelele.

"Katre-ven-dis! Papa, unatazama wapi, Uganda?"

"Na sasa?"

"Katre-ven! Sukuma! Ile haraka ya jana uliiacha wapi?"

Wagonjwa kwenye benchi wakacheka. Na miye nikacheka, machozi yananitoka.

"Swasante-trwa! Basi! Usiguse tena, hata usipumue!"

Nikakaza nati. Nikatazama saa, ilikuwa saa nane. Nikajua kwetu wameshakaa.

Mengine ulinieleza jana kwa simu. Yaya yangu, kaka yangu mukubwa, alikaa kwenye kiti changu, akamuuliza Furaha kama tupokee mbuzi za watu hawa. Mutoto akanyamaza. Akamuuliza mara ya pili, bado kimya. Mara ya tatu akasema, "Nitamujibu baba yangu." Wageni wakarudi na mbuzi zao, wakasema watakuja Jumamosi hii, na kisha hapo hawarudi tena. Ulinieleza yote ukilaani barabara. Nikasikiliza kama mwizi aliyejificha nyuma ya mulango.

Jioni nikaenda kuungama. Padri akasema, "Mungu amekusamehe. Amebaki muke wako." Basi niko hapa, na kalamu.

Papa Anselme amenipa ruhusa kutoka Alhamisi. Nitafika. Lakini kuna kitu kinanilemea kuliko ngazi zote. Furaha alimungojea baba aliyefungiwa barabara, na baba yule hayuko. Yuko huyu, aliyeona namba iko chini akabonyeza. Umusomee barua hii yote, usiruke mahali. Akisema angali anataka miye njo nimuulize, nitakaa kwenye kiti. Akisema yaya aendelee, nitakuja vilevile, nitapasua kuni kule nyuma na wapishi, na sitakasirika. Ila asimupoteze bwana wake kwa kosa langu. Kijana ni muzuri, anasali.

Na weye, Mama Furaha, sijui nikuombe nini. Kama umekasirika, kasirika, uko na haki. Sitasema tena uongo kwako, hata mudogo.

Umusalimie mama yangu, umwambie dawa yake ya miguu ninaileta. Umusalimie yaya yangu, nitamuomba musamaha uso kwa uso kwa aibu aliyopata mbele ya wageni. Umusalimie shangazi yetu anayelala na watoto, na katekista wetu, atuombee. Furaha usimusalimie. Umusomee tu.

Miye muume wako, niliyechoka lakini ningali wako,

Baba Furaha

Jirani wa lori anarudi huku Jumatano. Umupe jibu, hata mustari mumoja, nijue kama kiti changu kingali pale. Tafazali, nijibu mbio.