Picha ya Tata kwenye Tangazo la Unga

Jumatatu, 3 Juni
Nimesahihisha madaftari ya darasa la nne hadi saa kumi. Mvua. Nikapita dukani hapa Kagondo, Bukoba, kununua chumvi. Ukutani wamebandika bango la ule unga wa kinywaji, wa pakiti ya kijani. Jina lake silitangazi hata humu. Kwenye bango yupo Tata. Baba yangu mzazi, na sweta lake la buluu, anacheka. Chini yake maneno: "Nilikuwa na kisukari. Nimepona. Vidonge kwaheri."

Tata tulimzika Januari. Kisukari hichohicho.

Nimerudi bila chumvi.

Jumanne, 4 Juni
Nimenunua pakiti moja. Nimeisoma mara tatu. Unga wa ndizi, tangawizi, majani ya mlonge. Neno dawa halimo. Neno kuponya halimo. Kwenye pakiti ni chakula, kwenye bango ni daktari. Wajanja.

Picha imepigwa nyumbani Muleba, ndani ya kibanja, shamba letu la migomba, nyuma ya jiko. Ule mti wa mbuni naujua. Mgeni hafiki pale bila kupelekwa. Kawapeleka nani? Kichwani linanijia jina moja tu. Deus, mdogo wangu. Ana duka Muleba mjini. Siku ya kuanua matanga niliona maboksi ya kijani chumbani kwake nyuma ya duka. Akafunga mlango upesi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimempigia Deus. Nikamuuliza tu kama ameliona bango. Akasema: "Dada, hayo tuongee ukija." Kwa nini yasizungumzike kwenye simu?

Nikampigia Mama. Akaanza habari za mnyauko kwenye migomba. Nimeuliza mara mbili, mara mbili migomba.

Wanajua. Wote wawili wanajua.

Jumamosi, 8 Juni
Nimefika Muleba saa nne. Mama alikuwa akikata majani makavu ya migomba, Deus ameketi barazani. Sikusalimia. Nilimwambia, "Umemuuza Tata."

Deus aliinuka akaelekea barabarani. Nikaona hiyo ndiyo kukiri.

Mama aliweka kisu chini. "Waitu, mwanangu Koku. Mwache mwenzio."

Akaingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa. Fomu ya kampuni. Ushuhuda wa mteja. Sahihi ya Tata, ile T yake ndefu. Novemba. Alikuwa hai. Mama akasema Tata mwenyewe ndiye aliyewaita. Muuzaji alipita kijijini, Tata akanywa mwezi mmoja, akajisikia mwepesi, akaacha vidonge vya kliniki. Akataka watu wengine wapone kama yeye.

Deus aligombana naye hadi wakanyimana salamu. Yale maboksi aliyabeba kutoka hapa nyumbani ili Tata asinywe. Tata akanunua mengine.

"Na nani alikuwa anamkorogea?"

Mama akatazama mikono yake. "Mimi. Kila asubuhi. Nilimwomba Deus asikwambie."

Nimerudi Bukoba na ile fomu, bila kumwona tena Deus. Najichukia.

Jumatatu, 10 Juni
Nimekwenda kwa afisa afya baada ya vipindi. Nilikuwa na hofu ataniambia Tata alisaini kwa hiari yake, basi. Alisoma fomu, akasoma cheti cha kifo. Akasema, "Mwalimu, hata angekuwa hai na mzima, chakula hakitangazwi kwamba kinaponya ugonjwa. Sahihi ya mtu haibadilishi hilo."

Maneno mazuri. Kisha akataka nimwachie fomu halisi. Nimemwachia nakala.

Saa kumi na moja simu ngeni. Mwanamke wa kampuni, sauti kama asali. Anatoa pole za msiba. Anataka kuniletea zawadi, tuzungumze "kifamilia". Namba yangu kaipata wapi? Niliiandika sehemu moja tu leo, kwenye daftari la malalamiko pale ofisini.

Nimekata. Fomu halisi nimeishona ndani ya mto.

Ijumaa, 14 Juni
Bango bado lipo. Nimepita mara mbili. Mama mmoja alikuwa amesimama akimsomea mwenzake kwa sauti. Nikawaambia huyo ni baba yangu na amekufa. Walinitazama kama mwendawazimu. Mmoja akanunua pakiti mbili.

Simwamini afisa. Nimepeleka barua nyingine kwa wakubwa wake, nakala zote, na namba ya aliyenipigia.

Alhamisi, 20 Juni
Wamekuja watu watatu na gari, afisa yuleyule akiwamo. Hakunitazama. Pakiti zimekusanywa dukani, bango likang'olewa. Kampuni imezuiwa kutangaza hadi uchunguzi uishe. Uso wa Tata ulichanika katikati. Sikutegemea kulia, nimelia.

Redioni tangazo limesikika tena jioni hii. Mtu mwingine, sauti ya mzee, amepona presha. Nimeandika saa na jina la kipindi. Kesho barua ya tatu.

Jumapili, 23 Juni
Baada ya misa nimekwenda nyumbani. Deus alikuwepo. Nilimwomba msamaha mbele ya Mama, kwa maneno machache, mengine yalikataa kutoka. Akasema, "Ningekuwa wewe, ningefikiri hivyohivyo." Tukaketi watatu kumenya ndizi.

Nikamwambia Mama hakumuua Tata. Waliomdanganya Tata ndio waliomdanganya yeye. Aliendelea kumenya, ndizi baada ya ndizi, hata zikapita za kututosha.

Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, kesho kliniki ya sukari wanaanza saa ngapi. Na yeye ana sukari, na alikuwa akiunywa unga uleule. Vidonge vyake, akasema, havijaguswa tangu Oktoba.

Deus aliacha kisu. Hakuna aliyemgombeza.

Nimemwomba mwalimu mkuu ruhusa kwa simu. Tutaondoka saa moja, sote watatu.