Kibodi Haijafa, Fundi

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. ~~Nimeshaitia sukari.~~ Sukari tia mwenyewe, si wewe fundi wa nyumba hii?

Ile kibodi ya kuazima mrudishie jirani. Yetu haijafa. Asubuhi kompyuta ilikuomba neno la siri ili iikubali printa. Ukaandika, hukuona hata nukta, ukatangaza msiba. Ukaipindua, ukaipuliza, ukaipiga makofi, ukaleta ya jirani, nayo "ikafa" papo hapo! Fundi, mfumo huu hauonyeshi neno la siri. Unaliandika hivyo hivyo kama kipofu, unabonyeza Enta, basi. Nimefanya hivyo ulipoingia bafuni, ikakubali mara moja. Barua yako inayotakiwa leo saa sita nimeichapa, iko chini ya kikombe. Printa usiiguse!

Shati lako nimelipiga pasi upande mmoja. Nilipofika mkono wa pili ndipo ukampigia kaka yako simu: "Shemeji yako ndiye kaiharibu kibodi, mkono wake una nuksi." Nilikuwa nyuma yako.

Kompyuta ikinyamaza, si kwamba haisikii. Na mimi vilevile.

Shemeji wa kaka yako