Jiwe Jekundu la Mlangoni

Moshono, 4 Juni 2024

Shikamoo Mama,

Naamini macho yanaendelea vizuri huko Kimandolu kwa mama mdogo Agnela. Mimi mzima, ila vumbi la saiti limenimaliza. Simu huisikii, ndiyo maana naandika.

Kile kiwanda cha pombe ya mbege ninachokichora kule mlimani kinapanda. Usinune. Mwanakwaya hatakiwi kunywa, kuchora ni ruksa. Sinunui kitu kipya: mbao nimetoa kwenye maghala ya kahawa yaliyobomolewa, mawe tumeokota mashambani. Hata kwetu nilimtuma fundi Lesian achukue yaliyolala bure migombani. Moja jekundu, lenye mstari mweupe, nimeliweka juu ya mlango. Mlango wenyewe mfupi, kama wa nyumba ya bibi. Picha hiyo.

Mwanao,
Ndeshi

Nyumbani, 9 Juni

Ndeshi mwanangu,

Marahaba. Macho yanaona. Laiti yasingeona.

Picha yako ilinidondoka. Nimerudi nyumbani siku hiyohiyo, nikakuta vishimo vitatu migombani. Mawe hayo hayakulala bure. Marehemu baba yako aliyabeba kutoka mtoni, moja moja, mwaka 1983. Chini yake tulimlaza mtoto wetu wa kiume, aliyeishi siku tisa. Hakuwahi kubatizwa, na enzi hizo mtoto wa namna hiyo hatukumwimbia wala kumwekea msalaba. Tuliweka mawe, tukanyamaza. Wewe ulikuja miaka mitatu baadaye, sikuona sababu ya kukubebesha.

Sasa umemvua mwanangu blanketi, ukawatengenezea walevi mlango.

Mama Ndeshi

Moshono, 12 Juni

Shikamoo Mama,

Sijui kama nina haki ya kukuuliza hali. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa kwenye mchanga. Nimeyakalia mawe yale utoto wangu wote nikinywa uji. Kumbe nina kaka, na nimemjua kwa kumbomolea. Usilolijua ni usiku wa giza, lakini mimi nilikuwa na wa kumuuliza, na sikuuliza.

Nimesimamisha kazi. Mawili ya kijivu yalikuwa bado chini, na Lesian anayarudisha leo. Lakini jekundu limebeba ukuta wote wa juu ya mlango. Nikilitoa, ukuta unashuka. Sema neno moja tu nitaubomoa, mteja akasirike apendavyo.

Aliitwa nani, Mama?

Ndeshi

Nyumbani, 28 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, nisamehe kwa kukuweka roho juu muda wote huu. Mawe mawili yamefika. Lesian aliyapanga akiwa amevua kofia, sikumwambia afanye hivyo.

Jumamosi nilikuja saiti, wewe ulikuwa mjini. Nililishika lile jiwe, nikalia mpaka mafundi wakaniletea chai. Kisha nikakaa tu, nikitazama. Mlango wako ni mfupi kweli. Kila aliyepita chini yake aliinamisha kichwa. Miaka arobaini na moja mimi peke yangu ndiye niliyemwinamia, tena nikijifanya nakata majani ya ng'ombe.

Usibomoe. Siku ya kufungua nitakuja. Sinywi, ila niwekee kiti karibu na mlango.

Jina nilimpa mwenyewe, alijua baba yako tu. Wewe ni wa pili, Ndeshi. Watu huniita kwa jina lako nami huitika, na nitaendelea kuitika. Barua hii tu, niache nitie sahihi kwa lile la kwanza.

Mama yako,
Mama Solomoni