Bastola Inalia, Saa Haihesabu

Jumatatu, 5 Mei

Kiwanjani Kanyosha saa kumi na mbili asubuhi. Nimechora mistari kwa majivu, chokaa imeisha. Mgongo unauma. Nikiinama, tumbo linatangulia, kama lina haraka kunishinda.

Belyse, mkimbiaji wangu, alifika, akazunguka mara nne, hakusema neno juu ya Jumamosi. Afadhali angenitukana.

Niandike sawasawa, nisije nikajidanganya baadaye. Jumamosi, mashindano ya mji, mita mia nne wasichana. Mwanzishaji mbio: mimi, mwalimu wao wa michezo. Niliinua bastola, nikapiga, ikalia vizuri. Belyse akakimbia kama aliyeambiwa nyumba yao inaungua. Akamaliza wa kwanza. Tukatazama mashine ya saa. Sifuri, sifuri, sifuri.

Bastola yetu haina risasi. Ni ya umeme, ya mbio tu. Inapiga kelele, na papo hapo inaiambia mashine ianze kuhesabu. Kelele ilitoka. Mashine haikuambiwa kitu.

Krono yangu ya kidole, saa ya kubonyeza mkononi, ilisema sekunde hamsini na mbili nukta tisa. Kuingia kwenye orodha ya kituo cha mafunzo ya riadha wanataka hamsini na tatu na nusu, au chini yake. Lakini krono ya kidole hawaipokei. Mashine tu. Kwenye karatasi zao, Belyse hakukimbia.

Orodha inafungwa mwisho wa mwezi. Mashindano yamebaki ya tarehe 31 peke yake. Akikosa, Julai shule inakwisha, na shangazi yake anamngoja Gasenyi, upande wa pili wa mji, akauze dukani.

Aliponitazama Jumamosi, akihema, mikono magotini, alisema, "Prof, mi nimekimbia bure?"

Nilijifanya nakagua bastola.

Jumatano, 7 Mei

Furaha. Madamu Goreth, ekonomu wa shule, mlinzi wa kila kijiko na kila kiti, amechimbua karatasi ya garanti, ile ahadi ya kutengenezewa bure. Miaka miwili. Bado tumo ndani.

Nimewaandikia kampuni. Ni watengenezaji wa bastola za kila aina, za kweli na za michezo. Mimi naandika Kifaransa, wao wanajibu Kiingereza, simu inatafsiri katikati. Jibu lilikuja kabla sijameza chai. Dakika moja! Nikamwambia Hadija, mke wangu: hawa watu wanajua kazi. Akauliza, "Wamesema watatengeneza?"

Nikasoma tena. Wamenishukuru kwa kuwachagua. Wamenipa namba ya foleni. Basi.

Ijumaa, 9 Mei

Kampuni ina mtu. Anaitwa Kevin. Anaomba video.

Nikasimama uani, mkono juu, nikapiga. Kuku wa jirani wakatawanyika, na jirani mwenyewe akaingia ndani akafunga mlango. Hapa kwetu mlio kama ule watu hawauchezei. Nikaenda kuomba radhi na bastola bado mkononi. Akili zangu!

Jibu la Kevin, jioni: kwenye video bastola inalia, kwa hiyo ni nzima, suala limefungwa.

Nimelifungua.

Jumanne, 13 Mei

Kevin yuko likizo. Sasa ni Sandra. Sandra anaomba video.

Nimemweleza mara tatu: inalia, lakini saa haihesabu. Inalia, lakini saa haihesabu. Nimejiona nikiandika kama mtu anayeimba. Amenishauri nibadilishe betri.

Nimebadilisha betri.

Alhamisi, 15 Mei

Sandra ameomba picha ya namba ya kiwandani, iliyo kwenye mpini. Nimeleta bastola karibu na dirisha nipige picha. Nimekaa chini.

Ni mimi. Niandike ni mimi.

Shuleni kwetu hakuna kitu kinachoingia bila kupewa namba ya mali ya shule. Benchi ina namba. Ndoo ina namba. Mpira una namba, na ukipasuka tunaandika ripoti yenye namba. Kitu bila namba kinatembea, na siku ya ukaguzi anayeulizwa ni mwenye stoo. Mwenye stoo ya michezo ni mimi. Mwaka jana bastola ilipofika, Madamu Goreth alisema rangi itafutika, ichomwe. Nikapasha msumari kwenye jiko la makaa, nikatafuta mahali tambarare, nikachoma pole pole, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. SPORT 014. Nilijivunia ile nne.

Mahali tambarare palikuwa juu ya namba yao.

Nimepiga picha. Nimetuma. Ningefanya nini?

Jumatatu, 19 Mei

Siyo Sandra tena. Ni idara ya usalama ya kampuni. Hawana hata jina. Wanasema namba ya kiwandani imeharibiwa kwa makusudi. Wanasema bastola yenye namba iliyofutwa wanaijua inatumiwa na watu gani. Garanti imesimamishwa. Nieleze niliipataje.

Mimi. Mwenye kitambi. Anayeogopa jogoo wa mama mkwe.

Nimewaandikia kurasa mbili. Nimeeleza benchi, ndoo, mpira. Nimeweka picha ya benchi. Hadija alisoma juu ya bega langu. "Weka na ya ndoo," akasema. Nikadhani ananicheka, lakini alikuwa amekwenda kuleta ndoo ya kwetu nyumbani anionyeshe mahali pa kupiga picha. Tumecheka wote wawili mpaka machozi. Yangu hayakukatika haraka.

Zimebaki siku kumi na mbili.

Jumatano, 21 Mei

Wamejibu. Wanataka kuiona kwa macho. Niitume.

Rohero, katikati ya mji, ofisi ya vifurushi. Dada wa dirishani alikuwa mchangamfu mpaka nilipojaza neno "bastola". Akarudisha kiti nyuma. Nikamwambia ni ya michezo, nikanyoosha mkono nimtolee mfukoni aone. Hilo lilikuwa kosa la pili. Mlinzi akanishika kiwiko, mtu mzima mimi, mbele ya foleni nzima.

"Mzee, acha ivyo! Mikono nione!"

"Ni ya mbio, ndugu yangu. Mi ni mwalimu."

"Mwalimu wa mbio na ilo tumbo?"

Foleni ikacheka. Hapo ndipo nilipoachiwa, kwa hiyo tumbo limenisaidia mara moja maishani.

Haiwezi kutumwa bila karatasi ya polisi kwamba siyo silaha. Polisi, nyumba ya tatu kutoka pale, wanataka karatasi ya kampuni kwamba siyo silaha. Kampuni hawatoi karatasi kwa bastola ambayo namba yake haisomeki.

Nimerudi Kanyosha kwa miguu. Mabasi hayana mafuta. Viatu vyangu vya kazi vimenikata kisigino. Sikuhisi mpaka nilipovua.

Ijumaa, 23 Mei

Belyse anakimbia vizuri. Hilo ndilo linaloniua. Angekuwa mgonjwa, angekuwa amevimba goti, ningelala. Anazunguka, ananipita, vumbi linakuja usoni, na mimi najua kwamba tarehe 31 atakimbia hivyo hivyo na saa itakaa sifuri.

Bastola nyingine inayoelewana na mashine ile mjini sijaiona. Nimeuliza kila mwalimu ninayemjua. Wengine nimewauliza mara mbili.

Sina la kufanya. Naandika hivyo nione kama kukiandika kitu kunakipunguza. Hakupunguzi.

Jumatatu, 26 Mei

Kevin amerudi kutoka likizo! Sikujua kwamba nampenda. Amesoma kurasa zangu. Amesema picha ya benchi imezunguka ofisi yao yote. Wametoa ruhusa ya pekee: watanipa bastola mpya, bure, na watajitafutia wenyewe msafirishaji wa kuichukua hii mbovu. Masharti mawili. Isiwe imefunguliwa, kibandiko cha kiwandani kwenye kiungo cha mpini kiwe kizima. Na nisubiri wiki sita.

Wiki sita.

Madamu Goreth amefurahi, tayari anatafuta nafasi ya SPORT 015. Akanikumbusha kwamba nilitia sahihi. Kikiharibika kitu mkononi mwangu ni mimi na mkuu wa shule. Hakusema kwa ubaya.

Jumanne, 27 Mei

Nimekaa nayo mezani mchana wote. Nimeitazama ile karatasi ndogo ya rangi ya fedha kwenye kiungo. Ndogo kuliko stempu.

Nikiiacha, shule inapata bastola mpya na Belyse anakwenda Gasenyi. Nikiikata, labda bastola inapona, labda haiponi, na shule haina kitu tena, na mwenye stoo ni mimi.

Hadija akapita na sufuria. "Ungekuwa umeshaamua kuiacha," akasema, "ungekuwa umekula."

Jumatano, 28 Mei

Buyenzi, kwa Issa fundi redio. Tulisoma Kurani pamoja tukiwa wadogo, na alikuwa ananipa majibu tangu siku zile. Nilikata kibandiko mwenyewe, kwa wembe. Sikutaka kosa liwe mikononi mwake.

Akafungua. Akatazama. Akatazama tena kwa ile lenzi yake ya jichoni. Kisha akaanza kutikisa mabega, nikajua anacheka.

"Rajabu. Nani amechoma ii namba?"

Nikakunja wembe ndani ya karatasi yake.

"Msumari wako umetoboa mpaka ndani. Ona. Ii waya ndo inaongea na saa. Umeichoma nusu. Ikakaa mwaka mzima inashikilia, sasa imechoka."

Nilitazama. Ilikuwa chini ya ile nne. Nne yangu nzuri.

Siyo kiwanda. Siyo betri. Siyo Kevin. Barua kumi na moja nimewaandikia wale watu, nyingine kwa hasira, na ugonjwa nilikuwa nimeutia mwenyewe kwa moto, huku nikipuliza.

Issa akatia lehemu, akafunga kwa utepe mweusi. Hakuchukua hata chai. Tukapitia kwa chama cha riadha kujaribu na mashine. Nikapiga. Namba zikaanza kukimbia.

Sijamwambia Belyse kosa lilikuwa la nani. Nimejiambia ni kwa ajili ya utulivu wake kabla ya mbio. Ni uoga.

Jumamosi, 31 Mei

Asubuhi ilikuwa njema, mchana upepo ukatoka ziwani. Mita mia nne wasichana, saa tisa.

Niliinua mkono. Nikapiga. Sikumtazama Belyse, niliitazama mashine. Ilikuwa inahesabu. Nilitaka kulia.

Kona ya kwanza vizuri, ya pili vizuri. Mita mia za mwisho upepo usoni. Alishika mabega juu. Hashiki mabega juu, namjua miaka minne, ila akichoka kabisa.

Wa kwanza tena.

53.61.

Nusu ya sekunde ni hamsini kwa mia. Kumi na moja zilizozidi ni kama kupepesa jicho. Ile Jumamosi nyingine alikimbia ndani ya muda na nafasi ikabaki, na hakuna mashine inayojua. Ninajua mimi tu, na kidole changu.

Alikuja akasoma ubao. Akasema, "Leo imehesabu, prof." Akaenda kutafuta viatu vyake.

Jumatatu, 2 Juni

Orodha imefungwa.

Nimemwandikia Kevin ukweli. Kwamba nimefungua, kwamba wasilete mpya, kwamba kosa lilikuwa langu na la msumari. Nimemwomba radhi yeye, Sandra, na wale wasio na jina. Jibu lilikuja katika dakika moja: nimeridhika na huduma kwa kiasi gani, nyota moja hadi tano? Na chini yake: je, tatizo lako limetatuliwa?

Nyota nimewapa tano. Swali la pili sijajaza.

Kwa Madamu Goreth pia nimesema. Aliandika ripoti. SPORT 014, imefunguliwa, inafanya kazi, utepe. Nitaitwa kwa mkuu. Sijali.

Kwa Belyse sijasema.

Jumapili, 20 Julai

Nilikwenda kiwanjani bila sababu, shule imefungwa. Nilibeba bastola kwenye mfuko kwa sababu stoo inapakwa rangi. Nilimkuta Belyse, anafanya mazoezi. Jumapili duka la shangazi halifunguliwi. Mabasi hakuna, ametembea kutoka Gasenyi tangu saa kumi alfajiri. Mji mzima, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule.

Tulikaa kwenye benchi yenye namba. Nikamwambia. Msumari, jiko la makaa, waya, ile nne. Nikamwambia kwamba ile hamsini na mbili nukta tisa ilikuwa yake na mimi ndiye niliyeichoma. Nilimaliza nikatazama viatu vyangu.

Alikuwa anang'oa nyasi, moja moja.

"Mwaka kesho, prof," akasema, "iyo namba uiandike na kalamu."

Akasimama, akajipangusa. Akauliza kama ndiyo ile niliyonayo mfukoni. Nikasema ndiyo, lakini mashine haipo, leo hakuna kitakachohesabu. Akasema anajua. Akaenda kwenye mstari wangu wa majivu, uliobaki nusu, akainama, akanipa mgongo, akangoja nipige.