Pale Hershl Alipogonga Meza

Mpendwa Bi Fruma, naomba msaada wako, na ukitaka kunigombeza nigombeze tu, nimeshazoea. Mimi ni mjane hapa Antwerp, mume wangu Hershl alifariki miaka miwili iliyopita, na siku ile nilikifunika kioo cha sebuleni, kama desturi yetu Wayahudi tukifiwa, kwa kitambaa cheupe cha meza ya Sabato kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, siku saba za msiba zikapita, mwezi ukapita, nami kila nikitaka kukitoa naahirisha hadi kesho, basi nikakiacha, na Ijumaa jioni, Sabato ikiingia, tunakula juu ya plastiki. Hershl hakuwa na sauti nzuri, Mungu anisamehe, lakini kila Ijumaa baada ya supu aliimba wimbo wa baba yake, na kwenye ubeti wa tatu maneno yalikuwa yamempotea tangu utotoni, kwa hiyo akifika pale anagonga meza mara mbili kwa kijiko, ko-ko, halafu anaendelea, nasi tunacheka, miaka thelathini. Ijumaa iliyopita binti yetu Perla akauanza wimbo ule, nikainama nikingojea ko-ko, naye akaimba maneno! Nikapiga kelele, "Nyamaza! Baba yako hakuimba hivyo!" Akasema, "Mama, ndiyo maneno yenyewe, nimeyakuta kwenye kitabu cha babu." Nikamwambia, "Basi nenda kale na hicho kitabu." Akavaa koti, mlangoni akageuka: "Humu amekufa baba, au tumekufa sote? Sirudi mpaka kioo kile kifunuliwe." Akaenda kwa miguu mvua inanyesha, mishumaa ya Sabato ikazimika nikiwa peke yangu. Zamani tukiimba nilihisi Mungu yupo mezani, sasa nasoma baraka kama orodha ya sokoni. Nikiyakubali maneno yale, Hershl wangu atabaki wapi?

Mwenye Kioo

Mwenye Kioo, barua yako nimeisoma, pole. Pole sana, dada yangu.

Sasa nisikilize. Wazee wetu waliweka kipimo: kioo siku saba, mume siku thelathini. Si kwamba machozi huisha. Mimi nimezika waume wawili na hayajaisha. Walitujua tu, kwamba tukiachiwa tutahamia makaburini na sufuria zetu. Hata aliyefiwa jana, Sabato ikiingia huinuka akabadili nguo. Wewe umeivua meza nguo yake ukauvisha msiba, halafu unashangaa baraka hazina ladha! Unamtafuta Mungu mezani, na mtoto umemtoa nje kwenye mvua?

Na hiyo ko-ko unayoililia, Hershl hakuigonga kwa kulipenda pengo. Alikosa maneno, maskini. Miaka thelathini mumeo amepiga hodi kwenye ubeti ule, na siku mtu wa nyumbani alipomwitikia, wewe ukamfukuza.

Anua matanga. Mpigie Perla simu leo, usingoje Alhamisi ukasingizia unga wa mikate ya Sabato, na uanze kwa kusema nimekosa. Kifunue kioo. Utaona sura ya kutisha kidogo, iache ikuzoee. Kitambaa ukifue, ukipige pasi, ukitandike. Ukilia mezani, lia, supu haitaharibika. Ubeti wa tatu ukifika, chukua kijiko cha Hershl ugonge wewe, mara mbili. Kisha funga mdomo, mwanao aseme karibu.